Mteja aambiwe kabla kikombe hakijajazwa

Mheshimiwa Mhariri,

Katika mtaa wetu wa Kadutu, hapa Bukavu, kuna duka dogo la kahawa na mandazi ambalo sitalitaja jina, kwanza kwa sababu mwenyewe ni jirani yangu, na pili kwa sababu ninayotaka kuyasema yanaweza kusemwa juu ya maduka mengi ya aina hiyo, kuanzia Bagira mpaka Panzi. Nimekuwa mteja wake tangu lilipokuwa karai moja juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, na benchi moja chini ya turubai. Leo lina meza sita, ukuta uliopakwa rangi na mabinti wawili wa kuhudumia, na mimi ni miongoni mwa wanaofurahia hatua hiyo. Nina lalamiko moja tu, hata kama litaonekana kuwa na matawi mengi: mteja wa duka hilo hujua kitu alichokunywa, bei yake na noti inayokubaliwa pale anaposimama kuondoka, ilhali hayo yote alipaswa kuyajua kabla hajaketi.

Nianze na kahawa yenyewe. Kwenye ukuta wa nje mchoraji ameandika kwa herufi kubwa maneno «Kahawa ya Kivu», kisha akachora ziwa na tawi lenye matunda mekundu. Mgeni anayesoma maneno hayo ataamini kwamba ataletewa arabika iliyovunwa Kalehe, Kabare au kisiwani Idjwi, yaani kahawa ile ambayo wanunuzi wa Ulaya na Marekani huitafuta, na ambayo imewahi kufanyiwa mashindano ya kuonja, Saveur du Kivu, katika mji huu huu. Kumbe nyuma ya pazia kuna kopo la Africafé, kahawa ya unga inayoyeyuka, na birika la maji ya moto. Sina ugomvi na Africafé, kwa kuwa ni kinywaji cha heshima ambacho nimekinywa kwa miaka mingi nikisahihisha madaftari usiku, lakini hutengenezwa Bukoba, nchini Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, na ziwa lililochorwa ukutani ni letu, Ziwa Kivu. Sisi tulio watu wazima tunawakumbuka majirani waliokuwa wakivusha magunia ya kahawa usiku kwa mitumbwi ili wakayauze Rwanda, kwa kuwa upande huu bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, na tunajua kwamba wengine hawakufika ng'ambo wala hawakurudi nyumbani. Ndiyo maana naumia nikiliona jina la kahawa hiyo limebaki kuwa pambo la ukuta.

Nilimuuliza mama mwenye duka, naye akanijibu bila kuficha lolote. Alisema kwamba mashine ya kusagia inataka umeme, na umeme wa mtaa wetu huja unapotaka; kwamba kuikaanga kahawa mwenyewe kunakula makala, yaani mkaa, ambayo tayari yanampunguzia faida kwenye mandazi; kwamba punje nzuri huchambuliwa zipelekwe nje ya nchi, na zile anazozipata sokoni zimevunjikavunjika; tena kwamba kahawa ya kuchuja inahitaji dakika kadhaa, na motari aliyeacha pikipiki yake ikinguruma barabarani hana dakika hizo. Hoja zake zote nimezikubali. Nikiri pia kwamba bibi yangu alilima kahawa kule Kabare karibu maisha yake yote, na sikumbuki hata siku moja kumwona akiinywa. Nyumbani kwake tulikunywa chai. Kwa hiyo sitaki kumlazimisha mtu yeyote achuje kahawa ambayo sisi wenyewe hatukuizoea. Ninachotaka ni kwamba, ikiwa ni kahawa ya kopo, mteja aambiwe kuwa ni ya kopo.

Juu ya mandazi sina mengi, kwa sababu mandazi ya asubuhi katika duka hilo ni mazuri kuliko yote ninayoyafahamu Kadutu. Unga huachwa uumuke vizuri, mafuta huwa na moto wa kutosha, na andazi ukilibonyeza kwa kidole hujirudisha juu lenyewe. Tabu huanza saa kumi za jioni, pale yaliyobaki yanaporudishwa kwenye mafuta ili yapate joto na kutolewa kana kwamba yamekaangwa sasa hivi. Andazi lililorudishwa karaini hunywa mafuta, huwa zito mkononi na kuacha doa kubwa kwenye karatasi, na hakuna anayekula bitumbura, kama tunavyoyaita mandazi hapa, tangu utotoni asiyeweza kulitambua. Wapo wateja, hasa wanafunzi, ambao wangelinunua kwa furaha kama lingeuzwa kwa bei pungufu kwa jina lake la andazi la asubuhi. Linauzwa kwa bei ile ile, na anayeuliza hujibiwa kwa tabasamu.

Kwa kuwa nimetaja karatasi, naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya njia. Wiki mbili zilizopita nilifungiwa mandazi matatu kwa ukurasa wa daftari la mwanafunzi, na nilipoukunjua nyumbani nikakuta ni imla, na wino mwekundu uliokuwa juu yake ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa amepata alama nne kwa kumi. Sikujua nicheke au nimtafute mzazi.

Sasa nifike kwenye fedha, ambako ndiko mateso ya mteja yaliko hasa. Kikombe ni faranga 1,000 na andazi ni faranga 300, lakini bei hizo hazikuandikwa popote. Mimi nazijua kwa mazoea, na mgeni huzijua kwa kuulizia au kwa kushtukia. Nikinywa kikombe kimoja na kula mandazi matatu, nadaiwa faranga 1,900. Nikitoa noti mbili za 1,000, binti huniletea peremende moja badala ya faranga 100. Kwa muda wa mwezi mmoja nilizitunza peremende hizo kwenye kopo la chaki, nikazihesabu zikafika 17, ambazo kwa hesabu ya duka ni faranga 1,700, yaani kikombe kimoja na mandazi mawili, na senti za kubaki. Nilipouliza kama zinaweza kupokelewa kuwa malipo, binti alicheka kwa adabu akasema kwamba peremende hutoka tu, hazirudi. Nilimpenda kwa ukweli wake, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Noti nazo zina safari yake. Kila mkazi wa mji anajua kwamba tangu benki zilipofunga milango mwaka 2025, noti iliyochakaa haina mahali pa kurudi ili ibadilishwe kwa mpya, hivyo inaendelea kuzunguka kutoka sokoni mpaka kwenye teksi, kutoka kwenye teksi mpaka dukani, imebandikwa gundi mara mbili, mara tatu, mpaka tarakimu zake zinasomeka kwa kukisia. Hilo si kosa la mama mwenye duka. Lakini siku moja nilimpa binti noti ya 500 yenye ufa mdogo pembeni, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akaniambia, «Papa, hii haitembei.» Nikaipokea, nikatoa nyingine. Chenji aliyonirudishia ilikuwa na noti ya 500 iliyobaki nusu uso, na nilipomwonyesha alisema kwamba hiyo ndiyo aliyoachiwa na mama. Kumbe noti ile ile hukataliwa ikiingia na kulazimishwa ikitoka. Kama duka lina kipimo cha noti nzuri na noti mbaya, kipimo hicho lazima kiwe kimoja kwa pande zote mbili za meza.

Dola ndiyo kabisa. Anayelipa kwa dola hukatiwa kwa kiwango cha duka, na kiwango hicho hubadilika kutegemea ni nani anayehudumia siku hiyo. Nimeshuhudia watu wawili walioketi meza moja, asubuhi moja, wakirudishiwa chenji tofauti kwa noti za aina moja. Wabadilisha fedha wanaokaa kando ya barabara, ambao sisi huwasema sana, angalau hutaja kiwango chao kwanza, na mtu asiyeridhika huondoka na noti yake. Katika duka la kahawa tayari umeshakunywa. Huwezi kuirudisha kahawa kwenye birika, na mwenye duka analijua hilo.

Nimesikia baadhi ya wateja wakisema kwamba dawa ni kulisusa duka hilo. Sikubaliani nao. Mama huyu huamka saa kumi za usiku kukanda unga, huwakopesha walimu ambao mishahara yao huchelewa, na siku bomba zikikauka hununua maji kwa ndoo bila kupandisha bei ya kikombe. Pia ni kweli kwamba nasi wateja tuna yetu: wapo wanaokula mandazi manne na kuhesabu matatu, na wapo wanaoshika meza tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa kikombe kimoja, jambo ambalo, nikisema ukweli, mimi mwenyewe nimelifanya nikiwa na madaftari ya kusahihisha.

Nilichomwomba jirani yangu ni ubao mmoja mlangoni, wenye mistari minne inayoandikwa upya kila asubuhi: kahawa ya leo ni ya aina gani na kwa bei gani, andazi la sasa na andazi la asubuhi kila moja kwa bei yake, kiwango cha dola kwa siku hiyo, na kama chenji ndogo ipo au haipo, ili asiye na faranga kamili ajue mapema kama ataongeza andazi au atakunywa siku nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ubao ni gharama. Shule yetu ina ubao mdogo uliovunjika pembe, ambao haujatumika kwa muda mrefu, na mkuu wa shule ameniruhusu niuchukue. Nitampelekea Jumatatu, pamoja na chaki, na kwa kuwa kopo la chaki lilikuwa limejaa peremende zake, hizo nazo nitamrudishia.

Mwalimu na mteja,
Kadutu, Bukavu