Shukrani kwa dereva wa lori aliyetulinda barabarani

Kwa niaba ya familia yangu, natoa shukrani za dhati kwa dereva wa lori ambaye jina lake sikulipata, aliyesimama jioni moja ya msimu wa mavuno uliopita katika barabara kuu ya Tanzam, kati ya Igawa na Chimala, baada ya tela la trekta letu lililobeba mpunga kupasuka tairi na kubaki nusu yake ndani ya lami, bila taa wala kiakisi mwanga.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, na likilikuta trekta linalotembea kilomita 20 kwa saa, nafasi ya mita 100 iliyopo kati yao humalizika kwa sekunde 6 tu. Letu lilikuwa limesimama kabisa, na giza lilikuwa linaingia. Ndugu yangu, uliliegesha lori lako nje ya lami, ukaweka pembetatu zako za tahadhari mbali sana nyuma yetu, mbali kuliko ambavyo mimi ningefikiria, kisha ukasimama pembeni ukipunga tochi hadi mwanangu alipomaliza kubadilisha gurudumu. Hukutulaumu, ingawa kosa la kutoka shambani bila taa lilikuwa langu.

Kabla ya kuondoka ulikata vipande vya utepe wako wa kuakisi mwanga, ukavibandika nyuma ya tela kwa mikono yako. Bado vipo, tumeongeza taa mbili, wala hatuingii tena barabara kuu baada ya saa 11 jioni. Mungu akulinde katika safari zako zote.