Kabla hujanunua mota mpya ya gari lako la rimoti

Gari likianza kupiga kelele, mteja anatuambia, "Fundi, mota imekufa, nipe nyingine." Tunamwomba asubiri kidogo, kwa sababu mara nyingi mota ni nzima na tatizo liko kwenye gia au beringi. Hatupendi kukuuzia kitu cha bei wakati hukihitaji.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya nyumbani. Legeza skrubu zinazoshika mota, isogeze hadi pinioni, ile gia ndogo kwenye shafti yake, iachane kabisa na gia kubwa. Washa, vuta triga kidogo tu kwa sekunde chache, maana mota isiyo na mzigo haitakiwi kukimbizwa. Ikivuma laini, iache. Ikikwaruza peke yake, hapo kweli beringi au bushi zake (vipete vya kushikia shafti, visivyo na gololi) zimekwisha.

Mota ikiwa kimya, zungusha matairi kwa mkono. Ukisikia mchanga unasagika, fungua tairi moja moja. Wanaochezea magari ufukweni wanalijua hili: chumvi na mchanga vinaingia kwenye beringi na kutu inafuata. Magari mengi ya TT-02, modeli ya rimoti ya kampuni ya Tamiya, yanakuja na bushi za plastiki badala ya beringi, nazo zinalika haraka kwenye vumbi. Kwenye matairi, zinazochukua nafasi yake ni beringi za milimita 5 kwa 11 kwa 4 (tundu, kipenyo cha nje na unene). Kelele ikitokea unapokata kona tu, angalia shafti za matairi ya mbele na viungo vyake.

Sasa gia zenyewe, ambako ndiko tunakoshinda kutwa. Pinioni ikibana sana, gari linalia mlio mwembamba na mota inapata moto. Ikilegea, inakereza na kula meno ya plastiki ya gia kubwa. Kwa gari ambalo mota yake inasogezwa, kata kipande cha karatasi ya daftari, kiweke katikati ya gia mbili, sukuma mota ibane, kaza skrubu, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke na mikunjo ya meno bila kuchanika. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukijaribu nafasi kila sehemu, kwani gia nyingi si duara kamili. TT-02 ina matundu maalumu ya mota, kwa hiyo karatasi haihitajiki. Hakikisha tu umetumia tundu la idadi ya meno ya pinioni yako.

Kuna kosa jingine tunalikuta sana: pinioni ya kipimo cha 48 (pitch) imefungwa kwenye gia ya moduli 0.6, mifumo miwili tofauti ya kupima ukubwa wa meno. Kwa macho zinafanana, lakini meno hayakutani vizuri, na hata ukirekebisha nafasi kutwa nzima kelele haitaisha. Usibadilishe moja bila kujua kipimo cha nyingine.

Tafadhali usimwagie grisi gia iliyo wazi ili inyamaze. Inanasa mchanga, inageuka msasa.

Ukilileta kwetu, njoo na rimoti yake, betri iliyochajiwa na pinioni ya zamani kama uliibadilisha. Meno yaliyolika yanatuonyesha mota ilikaa wapi.