Tunaomba safu ya programu za BASIC katika ukurasa wa teknolojia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kuhusu ukurasa wa teknolojia, ambao kwa sasa umejaa habari za simu mpya na bei zake. Ninaomba itengwe safu ndogo ya kuchapisha programu fupi za kuchora zilizoandikwa kwa BASIC, lugha ya kuiamuru kompyuta,, ili wasomaji waziandike wenyewe, wazihamishie kwenye kompyuta walizo nazo, kisha wazigeuze watakavyo.

BASIC ilibuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, kwa nia ya kuwafungulia mlango wa kompyuta hata wanafunzi wasiosomea sayansi. Katika miaka ya 1980 majarida ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakichapisha programu nzima, na msomaji akaketi kuinakili herufi kwa herufi kwenye kompyuta za nyumbani za wakati huo kama ZX Spectrum, BBC Micro au Commodore 64. Zama hizo zilitupita kwa sehemu kubwa, kwani Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na waliozigusa katika miaka iliyofuata walikuwa wachache. Leo kikwazo hicho hakipo. Kompyuta iliyotumika ya Kariakoo inaendesha bila shida QB64, programu inayotolewa bure na inayoelewa karibu amri zote za QBasic ya zamani, yaani BASIC ya kampuni ya Microsoft.

Hii ndiyo shughuli yangu ya jioni, na naipenda kwa sababu inamlazimisha mtu kufikiri. Kwenye Spectrum na BBC Micro, sifuri ya mchoro iko chini kushoto, kama katika grafu tulizochora shuleni; kwenye QBasic iko juu kushoto, hivyo mchoro uliohamishwa bila marekebisho hutokea miguu juu, kichwa chini. BBC Micro huipima skrini kwa vizio 1,280 kwa 1,024 hata pale nukta halisi zinapokuwa 320 kwa 256, kwa hiyo anayehamishia mchoro wake kwenye mashine inayopima kwa nukta hana budi kugawanya kila kipimo kwa 4. Rangi nyekundu ni namba 2 kwenye Spectrum, namba 1 kwenye BBC Micro na namba 4 kwenye QBasic.

Lililo gumu zaidi halionekani kwa macho. Sharti, kama vile X > 5, linapotimia, Spectrum hulihesabu kuwa 1, ilhali BBC Micro na QBasic hulihesabu kuwa -1. Waandishi wa zamani, wakibana matumizi ya kumbukumbu, walizoea kuliingiza sharti moja kwa moja ndani ya hesabu ya kusogeza umbo. Ukihamisha mstari huo kama ulivyo, umbo lililopaswa kwenda kulia litakwenda kushoto, wala kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa kuwa kwa upande wake hakuna kosa. Kulitambua hilo kunahitaji kumwelewa aliyeandika, aliyekuwa na mashine gani na alikuwa akikwepa nini. Sijaona zoezi la darasani linalofundisha usomaji makini wa namna hiyo.

Nao ugeuzaji una utamu wake. Tazama programu hii ya QBasic:

SCREEN 12
FOR I = 0 TO 200 STEP 5
LINE (I, 0)-(0, 200 - I)
NEXT I

Mistari yote inayochorwa imenyooka, lakini jicho huona umbo lililopinda katika pembe ya skrini. Badili 5 iwe 10, umbo linakuwa na mianya. Lirudie katika pembe nne, kisha ongeza rangi, na utapata pindo linalostahili kuzunguka mji wa kanga. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeuliza mistari iliyonyooka imepindaje ameuliza swali zuri la hisabati, tena ameuliza bila kusukumwa na mwalimu.

Iwapo ombi hili litakubaliwa, programu zichapishwe kwa herufi zinazotofautisha wazi sifuri na O, pamoja na moja na I, kwa sababu herufi moja ikikosewa programu nzima inaweza kukwama. Itajwe pia kila programu iliandikiwa mashine gani. Kwa kuwa programu nyingi za majarida ya kale bado zina wenyewe, safu ianze na zile zilizotungwa na wasomaji, na wiki inayofuata yachapishwe mageuzi yaliyotumwa na wengine, majina yao yakiwa juu yake. Niko tayari kuleta programu za kuanzia bila malipo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam