Somo la Alhamisi: Walawi 12

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi tunasoma Walawi 12, kisha Luka 2:22-24. Someni kabla, sura yenyewe ina aya 8 tu.

Walawi 12 inasema mama aliyejifungua alikuwa najisi kwa muda, yaani si safi kwa ibada, na kuna aliyeuliza hapa kama kuzaa kulihesabiwa dhambi. Hapana. Unajisi wa namna hii haukuwa kosa: hata aliyegusa maiti ili amzike ndugu yake alikuwa najisi siku 7 (Hesabu 19), na kuzika ni wema. Ulimzuia mtu kukaribia patakatifu, basi. Aliyejifungua mtoto wa kiume alingoja siku 40, wa kike 80. Kwa nini mara mbili? Andiko halisemi, na wanaodai wanajua mimi siwaamini sana.

Mwangalieni Mariamu: sadaka anayoitaja Luka ni ya ndege wawili, ile ya mama asiyemudu mwanakondoo. Yesu analetwa hekaluni na wazazi wanaoitii Torati, tena maskini. Makanisa mengi hukumbuka tukio hilo tarehe 2 Februari, siku ya 40 kuanzia Krismasi.

Waebrania 9 tuiache hadi wiki ijayo. Tunaanza saa 12 jioni. Njooni na Biblia za karatasi, simu zinatuchelewesha.