Baba Mkubwa, dawa za tezi dume usizitupe bado

Shikamoo Baba Mkubwa,

Habari za kuacha dawa za tezi dume iliyovimba sikuzipata kwako. Mama Mkubwa ndiye aliyeniambia, amechoka kuamshwa na mlango wa choo mara nne, mara tano kwa usiku. Nakuandikia hadharani bila kukutaja, maana nawajua wazee wengine wenye siri hiyohiyo, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Nasikia tamsulosini ilikupa nafuu kidogo na kizunguzungu kingi, na ile ya pili, finasteridi, ukasema "wiki tatu nameza, sioni kitu". Basi ukaziacha zote. Baba Mkubwa, dawa hizo hazifanyi kazi moja. Tamsulosini hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu, mkojo ukapata njia, ndiyo maana uliihisi mapema. Tezi yenyewe haiipunguzi hata chembe. Finasteridi ndiyo inayoinyima tezi homoni inayoikuza, nayo hujivuta: miezi mitatu, hata sita, kabla hujaona tofauti. Wewe uliihukumu kwa wiki tatu!

Kizunguzungu mweleze daktari. Mara nyingi husaidia kumeza usiku na kuinuka kitandani polepole. Na kama kilichokukimbiza ni mambo ya chumbani (naomba radhi, si la mtoto kukutamkia), hilo nalo linajulikana. Finasteridi huweza kupunguza hamu, na tamsulosini huweza kufanya manii yasitoke. Daktari hatashangaa ukimwambia. Ana njia nyingine.

Siku ukienda kuonana na daktari wa macho kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mtajie tamsulosini hata kama uliiacha, kwani huathiri mboni wakati wa upasuaji. Finasteridi nayo, ukiitumia miezi kadhaa, hushusha karibu nusu kipimo cha damu cha PSA, kile cha kuchunguza saratani ya tezi dume. Asiyejua unaimeza ataona namba nzuri isiyo nzuri.

Kuhusu saratani, najua ndilo linalokunyima usingizi kuliko mkojo. Kuvimba kwa tezi si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana wanapima.

Acha pia ile mbinu ya kushinda na kiu mchana kutwa. Mkojo mzito hukikera kibofu. Kunywa maji mchana, punguza kuanzia jioni, na kahawa ya usiku iache. Zile dawa za mafua za kuzibua pua, ambazo unazinunua bila kuuliza, nazo hukaza shingo ya kibofu. Wapo waliozimeza jioni wakaamka mkojo umegoma kabisa. Likikukuta hilo, tumbo la chini limejaa na linauma, usisubiri kupambazuke. Ni hospitali saa hiyohiyo, uwekewe mpira wa kutolea mkojo.

Upasuaji sijauzungumzia kwa sababu hujafika huko.

Kabla ya kurudi kliniki, nakuomba kitu kimoja: kwa siku tatu, usiku na mchana, andika saa uliyokojoa, kiasi, na ulichokunywa. Tumia kikombe chenye vipimo. Daftari na kikombe nimempa Mama Mkubwa, viko juu ya kabati la chumbani.

Mwanao.