Mlimmwagia mama yangu kikapu chini kwa ajili ya vijiko viwili

Kwa Meneja,

YAH: KURUDISHIWA DHAMANA YA SH. 300,000 NA YALIYOTOKEA YADI KWENU JUMAPILI JIONI

Habari za kazi. Naandika kwa heshima na nitajitahidi iwe hivyo mpaka mwisho, nikiteleza mtanisamehe maana hasira haijaisha. Mimi ni yule mteja wa gari la kukempi, lile lenye hema juu ya paa, tuliloenda nalo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Fomu mnazo, masharti mnayajua kuliko mimi, siyarudii.

Tumefika yadi Jumapili saa kumi na moja jioni tumechoka hoi, watoto wana mchanga mpaka masikioni, mama yangu wa miaka 71 ameshushwa kwa kushikwa mkono kwa sababu gari lenyewe liko juu. Kijana wenu wa ukaguzi akahesabu vyombo akasema vijiko viwili havipo. Nikamwambia angalia vizuri kaka, au kata hela tuondoke. Hakunisikiliza hata. Akamfuata mama yangu, "bibi hebu tuone humo", akachukua kikapu akakipindua chini kwenye kokoto, mbele ya wateja wengine na dereva wa bajaji aliyekuja kutuchukua. Samaki mbasa wa moshi, mchele wa Kyela, kanga, dawa zake za presha, vyote chini. Kwa vijiko!

Sasa tuje kwenye hela. Laki moja na ishirini mmekata eti usafi wa mchanga. Ndugu Meneja, hapo getini kwenu kuna picha kubwa ya gari hilohilo limepaki ufukweni, matairi yako ndani ya mchanga, ziwa linaonekana nyuma na milima ya Livingstone, mnakodisha watu waende ufukweni halafu wakirudi na mchanga mnawatoza, mlitaka turudi na nini? Na tulifagia. Mume wangu alifagia na mfagio wa kununua pale Ipinda, mfagio wenyewe tumewaachia ndani ya gari, mtumieni.

Laki na themanini iliyobaki mmesema mteja kaharibu betri. Hapo ndo nikajua hamna aibu. Fomu yenu imeandikwa betri mbili, moja ya kuwashia gari na nyingine ya friji na taa. Jumamosi asubuhi gari haliwaki, hata taa za dashibodi hazitoi kitu. Wavuvi wanne waliacha nyavu zao wakatusukuma mpaka tukatoka kwenye mchanga (hawakutaka hata mia, tuliwalazimisha wapokee hela ya chai), ndo tukapata fundi kutoka Ipinda. Akafungua boneti akaniita nione kwa macho yangu: waya wa friji umefungwa moja kwa moja kwenye betri ya kuwashia, ile ya pili haijaunganishwa na kitu chochote, imekaa tu kama pambo, nguzo zake bado zina vile vifuniko vya plastiki vyekundu vya dukani. Kwa hiyo friji lilikula moto usiku kucha, gari litawakaje? Fundi kabusti, kahamisha waya, elfu arobaini, risiti na picha ninazo. Yaani mimi nimewatengenezea gari lenu kwa hela yangu na nyie mnanitoza kwa kuliharibu.

Na usiku wa kabla ya hapo ndo ulikuwa wa hema. Zipu ya upande wa ziwa haifungi, imekatika meno, mtu ameishona kwa uzi mweusi kwa hiyo mlikuwa mnajua. Mvua ya Kyela mnaijua, haibishi hodi. Saa nane usiku magodoro yameloa, tukawashusha watoto kwa ngazi gizani wakamfuate bibi yao viti vya mbele, wakabanana hapo mpaka asubuhi. Nilipiga namba yenu ya dharura mara sita. Ya sita ikapokelewa, nikaeleza, jibu nililopewa ni hili, "Dada si ndo mlitaka kulala nje?" akakata.

Hayo yote ningeyameza. Kiukweli ningeyameza, maana Matema kulipokucha palikuwa pazuri, watoto waliogelea, na mama alipata chungu alichokuwa anakitafuta miaka, vile vya Wakisi wa Ikombe vyenye urembo mweupe shingoni.

Nirudi kwenye kikapu kwa sababu nahisi mnasoma harakaharaka. Sikusema vizuri pale juu. Kikapu hakuchukua, alikivuta. Mama alikuwa amekishika kwa mikono miwili akawa anamwambia "mwanangu kuna chungu humo, taratibu", na yeye akavuta hivyohivyo akakigeuza. Chungu kikagonga kokoto, kipande cha mdomo kikaruka mpaka kwenye kiatu cha mteja mwingine. Mama akapiga magoti, yale magoti yake, akaanza kuokota vidonge vya presha kimoja kimoja anavifuta kwenye kanga. Watoto wangu wanaangalia. Ndipo mwenzake akaita kutoka ndani ya gari, vijiko hivi hapa, viko ndani ya birika. Birika lenu! Yule kijana akasema "haya, mnaweza kwenda", akamsukumia mama kikapu kitupu kwa mguu. Na mama akamjibu "ndaga". Akamshukuru! Ndo alivyolelewa. Nyie aliyewalea ni nani?

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka dhamana yangu tu, laki tatu. Sasa naona haitoshi. Nataka laki tatu yote, elfu arobaini ya fundi, na kodi ya usiku wa Ijumaa ambao hatukulala. Chungu sidai bei, nataka wewe Meneja mwenyewe, si kumtuma huyo kijana peke yake, mje naye nyumbani Uyole mkae mumwombe mama radhi mbele ya watoto walioona. Kwetu Unyakyusa zamani kosa kama hili lilikuwa linatembea na ng'ombe. Mimi sidai ng'ombe, bado.

Nilitaka kuwapa siku saba, nimeghairi. Ni Ijumaa hii saa sita mchana. Ikipita, malalamiko yanakwenda Tume ya Ushindani, madai Mahakama ya Mwanzo, na video ya yule dereva wa bajaji, maana alirekodi kuanzia kikapu kinavyovutwa, nitairusha kwenye kila grupu la Mbeya nililomo, na niko kwenye mengi.

Na msinipigie simu kuniita "mama mkubwa tuyamalize". Maandishi tu.

Mteja wenu wa Ijumaa hadi Jumapili, namba ya fomu mnayo.

N.B. Kile kipande cha chungu nimekiokota, nimekiweka kwenye mfuko pamoja na risiti.