Sindano ya Tatu ni Jumamosi

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba. Simu ilikatika nilipofika kwenye habari ya sindano, na nakujua, huenda haikukatika yenyewe. Ndiyo maana naandika.

Ulisema mambo mawili kwa pumzi moja: kidonda kimekauka vizuri, na Jumamosi unasafiri na timu ya shule, kwa hiyo sindano ya tatu utachoma ukirudi. La kwanza halinifurahishi kama unavyodhani, na la pili limeninyima usingizi. Kidonda cha mbwa hakina la kukwambia. Kinakauka, unakisahau, na kirusi kimo.

Kichaa cha mbwa kwa nje unakijua, ulibeba kasha langu la chanjo tangu hujaota meno ya pili. Ya ndani ya mwili sikukueleza, basi soma. Kirusi kile hakiwezi hata kuzaliana peke yake. Kina uzi mmoja wa RNA, yaani maagizo ya kujinakili, wenye jeni tano tu, umefungwa kwa protini, na juu yake utando wa mafuta. Kinatoka kwenye mate, kinaingia msulini palepale penye jino, kisha kinadandia ncha ya neva kama kijana anavyodandia lori mlimani. Hakipiti kwenye damu, na ujanja wake uko hapo. Askari wa mwili wanashika doria kwenye damu, chenyewe kinapanda ndani ya neva sentimita chache kwa siku kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Huna homa, unakula, unafundisha. Kwa wengi safari hiyo ni mwezi mmoja hadi mitatu, aliyeng'atwa usoni huwahiwa, na wachache wamekaa hata zaidi ya mwaka. Wewe uling'atwa kifundo cha mguu. Njia ni ndefu, ndiyo bahati uliyopewa, usiitapanye kwenye mpira wa pete.

Kikifika ubongoni kinaingia kwenye seli na kuziajiri bila mshahara: zinaacha kazi zao, zinatengeneza virusi. Kisha virusi hivyo vinateremka kwa neva hadi kwenye tezi za mate, na wakati huohuo ubongo uliovurugika unamsukuma mnyama kung'ata. Miaka 31 ya ubwana mifugo, na mpaka leo mpango huo unanitisha kuliko simba wa huko kwenu. Mtu naye akishafika pa kukazwa koo kwa kuona kikombe cha maji, hakuna daktari wa wilaya wala wa Ulaya wa kutegemea.

Uliosha kwa maji na sabuni robo saa nzima. Nilimwambia mama yako nikiwa nimevimba kichwa, maana sabuni huuyeyusha ule utando wa mafuta. Lakini hospitali ukaenda kesho yake jioni! Mwalimu wa biolojia! Eti ulikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Kingamwili, silaha za mwili za kukikamata kirusi, hazioti usiku mmoja. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuziandaa, ndiyo maana wanachoma siku ya sifuri, yaani ile ya sindano ya kwanza, ya tatu, ya saba, na baada ya hapo kama walivyokupangia kwenye kadi. Siku yako ya saba ni Jumamosi. Najua watakwambia ukichelewa wanaendelea tu walipoishia. Ni kweli. Ila nimewaona waliochelewa siku mbili wakachelewa wiki, kisha wakasahau kadi iko wapi.

Na huyo mbwa? Umesema "kambwa kadogo tu ka jirani". Udogo si kinga. Mbwa ambaye tayari anatoa kirusi kwenye mate hamalizi siku 10 bila kuugua au kufa, kwa hiyo tunamfunga na kumwangalia huku mtu anaendelea na sindano. Wako ametoweka siku ya pili. Mbwa mchanga hana shangazi wa kumtembelea.

Huko kuangalia mbwa hufanywa kwa namna mbili: pamoja na sindano, au badala ya sindano. Mwaka uliozaliwa, mama mmoja alikuja na mwanawe kang'atwa mkono. Chanjo ya watu ilikuwa mbali, nauli hana. Akaambiwa na aliyekuwa zamu tumtazame mbwa kwanza. Mbwa akafa siku ya nne, na wa zamu alikuwa ameshaondoka kwenda semina. Uliwahi kuniuliza kwa nini sipiti njia ya kisimani, nikakwambia kuna matope.

Nimekutumia elfu sitini kwenye simu, ya nauli na ya dawa kama watakwambia imekwisha ukanunue. Ilikuwa ya bati la jiko. Mama yako amenuna kidogo, lakini mvua bado. Mdogo wako amepata 71 ya hesabu, sasa anadai viatu kama vyangu. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Mbwa wetu Popo nimemchanja mwenyewe Jumapili na hanisalimii tangu hapo.

Timu itakwenda na mwalimu mwingine. Mwambie mkuu wako baba amekataa. Akitaka barua nitamwandikia, na muhuri wa zamani bado ninao ingawa sitakiwi kuutumia. Jumamosi jioni ipige picha ile kadi unitumie, upande wenye tarehe, usinitumie uso wako unacheka.

Mama yako anauliza kama ile chupa ya chai bado inashika moto, au umeiazima watu.

Baba yako